Neno "Chanzo" katika Karatasi za Maji: Mfano wa Karagwe na Kyerwa

Karatasi iliyotufanya tushike kalamu ni fomu ya kurasa mbili, iliyofasiriwa kwa Kiswahili ili itumiwe na watendaji wa vijiji na kamati za maji katika kutafuta mahali maji yanapochafuliwa. Ofisi iliyoitoa hatuitaji, kwa kuwa makosa yaliyomo si yake peke yake. Tumeyaona pia katika miongozo na mihtasari ya semina. Fomu hiyo tuliiona ikiwa imekwisha kujazwa, katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Kyerwa. Safu ya kwanza yasema "Chanzo". Mtendaji ameandika jina la chemchemi. Safu ya pili yasema "Aina ya chanzo". Ameandika "cha kudumu", maana yake chemchemi hiyo haikauki wakati wa kiangazi. Safu ya tatu yasema "Mwenye chanzo"; hapo limeandikwa jina la mzee anayeitunza chemchemi, anayefyeka majani kando yake na kuwazuia ng'ombe wasiikanyage. Safu ya nne, "Hatua zilizochukuliwa dhidi ya mwenye chanzo", ilikuwa tupu, na ni heri. Maana aliyeitunga fomu alikusudia kwamba mwenye chanzo ni yule aliyechafua maji, na kwamba safu ya nne itajazwa onyo au faini.

Mtendaji hakukosea hata kidogo. Alijaza fomu kwa Kiswahili chake, nacho ni Kiswahili safi. Aliyekosea ni mfasiri, ambaye alikuta katika lugha ya kigeni neno moja linalotumika kwa mahali maji yatokapo na pia kwa mahali uchafu utokapo, akaliweka "chanzo" kila lilipotokea bila kujiuliza kama Kiswahili kimekubali kulibeba hivyo. Na jambo hili si mchezo. Tangu mwaka 2021 sheria za nchi yetu zimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Karatasi kama hii, ikiwa na sahihi na mhuri, yaweza kuwekwa mbele ya hakimu. Mzee aliyetumia miaka yake kulinda chemchemi atasomwa humo kama mchafuzi wake.

Yafaa basi tulitazame neno lenyewe. "Chanzo" latokana na kuanza, na katika mazungumzo ya kila siku lina kazi tatu: mwanzo wa jambo, sababu ya jambo, na mahali maji yanapoanzia. Ya tatu ndiyo iliyopata nguvu kubwa zaidi vijijini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa ziwa, kwa kuhofia kuharibika kwa mazingira hayo; na katika mikutano ya hadhara katazo hili limefika kwa wananchi likiwa katika maneno "mita sitini kutoka chanzo cha maji". Mkulima wa Karagwe ambaye kibanja chake kinashuka mpaka bondeni penye mafunjo amelisikia mara nyingi mno. Kwake yeye chanzo ni kitu kizuri, ni kitu cha kulindwa. Ukimwambia kwamba serikali inatafuta vyanzo ili ivifunge, atashangaa, na ana haki ya kushangaa.

Wako watakaosema kuwa muktadha unatosha: ukisema "chanzo cha uchafuzi" hakuna atakayefikiri chemchemi. Kweli, katika sentensi kamili. Lakini fomu haina sentensi, ina vichwa vya safu. Na mfasiri mwenye haraka hukata maneno ili yatoshe katika kijisanduku. Istilahi inayosimama tu pale inapoegemezwa na maneno mengine matatu haijawa istilahi.

Kuna kisa mashuhuri katika historia ya afya ya jamii ambacho walimu hupenda kukitumia, nacho chafaa kuonyesha kwamba mambo haya mawili ni mbali na mbali hata yanapokuwa karibu kiasi cha hatua moja. Mwaka 1854 kipindupindu kiliwaua watu wengi katika mtaa mmoja wa London, na Dakta John Snow akafuatilia nyumba za marehemu mpaka akafika kwenye pampu ya Broad Street. Pampu hiyo ilikuwa chanzo cha maji. Chanzo cha uchafuzi hakikuwa pampu. Kilikuwa shimo la maji machafu la nyumba ya jirani, lililokuwa likivuja kuelekea kisimani, nalo lilitambuliwa baadaye kwa msaada wa kasisi Henry Whitehead, ambaye hapo awali hakuyakubali mawazo ya Snow. Kama wangekuwa na fomu yetu, wangeandika "Broad Street" katika safu ya kwanza, wakafunga kazi.

Tukitoka kwenye chanzo twaingia kwenye "uchafuzi" wenyewe, na hapa Kiswahili kina utajiri ambao wafasiri wetu wanautupa. Kitenzi "chafua" kina mtendaji ndani yake. Maji "yamechafuliwa" ni maji yaliyopatwa na kitendo cha mtu, hata kama mtu huyo hajulikani. Maji "yamechafuka" ni maji ambayo hali yake imebadilika, na msemaji hamnyoshei mtu kidole. Tofauti hii kila mtoto anaijua, baba akiuliza "Nani amechafua maji?" na mtoto akajibu "Yamechafuka tu", wote wawili wanafahamu kwamba mtoto anajitetea. Sasa fomu yasema, kuanzia juu hadi chini, "maji yaliyochafuliwa". Mkaguzi akiifikia Kagera wakati wa masika, mto ukiwa mwekundu kwa udongo wa vilima vya nchi tatu au nne, ameamriwa na kitenzi chenyewe amtafute mtu. Na kinyume chake tumekiona pia: taarifa ya uoshaji wa madini iliyoandikwa "maji ya kijito yamechafuka kutokana na shughuli", ambamo kiambishi kimoja tu kimemwondolea mwenye shughuli lawama yote. Wanasheria wanajua thamani ya kiambishi hicho kuliko wafasiri.

Rai yetu ni kwamba ukaguzi uanze na "kuchafuka", maana hilo ndilo linaloonekana kwa macho na kupimwa kwa kifaa, na "kuchafuliwa" kuje tu pale ushahidi utakapomfikia mtendaji. Kwa bahati mbaya jina la kitenzi cha kwanza limekwisha kuchukuliwa: "machafuko" ni ghasia za watu, na bahari ikichafuka ni mawimbi, si takataka. Tumefikiria "mchafuko wa maji", lakini hatukuridhika. Pengine kitenzi chatosha bila kuundiwa nomino. Si kila dhana ina lazima ya kuwa nomino, ingawa waundaji wa istilahi hupenda hivyo.

Kwa maji yenye udongo hasa, lugha inayo neno ambalo twashangaa halikutumiwa: "kutibuka". Maji hutibuka tope likipanda kutoka chini au likiingia kutoka kando. Miongozo kadhaa imetumia "ukungu wa maji", na msomaji wa Karagwe, ambaye huuona ukungu wa kweli ukilala mabondeni asubuhi, atadhani anaambiwa habari ya hali ya hewa. Twapendekeza "mtibuko".

Kagera unatufundisha zaidi. Mto huu waanza kwa maji ya Burundi na Rwanda, hasa Nyabarongo na Ruvubu, ukapita maporomoko ya Rusumo, ukaelekea kaskazini ukiwa mpaka wetu na Rwanda kandokando ya Karagwe na Kyerwa, kisha ukageuka mashariki na kuwa mpaka wetu na Uganda, mpaka hatimaye ukaingia Ziwa Viktoria. Bonde lake lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 60,000, na ndio mto unaoleta maji mengi kuliko mingine yote iingiayo ziwani humo. Gugu maji lilipoonekana katika ziwa mwishoni mwa miaka ya 1980, njia yake kuu ilikuwa mto huu huu. Watu walilivuna ufukoni kwa mikono, na baadaye wakaletwa mbawakavu wadogo wanaolila, lakini mto uliendelea kushusha vipande vingine kutoka mabwawa ya mbali. Hapo chanzo kilikuwa wapi? Ufukoni lilikoonekana? Mtoni lilikopitia? Au katika bwawa lilikoota? Neno letu moja linayajibu maswali yote matatu, yaani halijibu hata moja.

Wala si lazima chanzo kiwe mahali. Uchunguzi uliofanywa chini ya Mradi wa Usimamizi wa Mazingira ya Ziwa Viktoria, ulioanza katika miaka ya 1990, ulionyesha kwamba sehemu kubwa sana ya fosforasi na naitrojeni inayolirutubisha ziwa kupita kiasi huanguka kutoka hewani, pamoja na vumbi, moshi na mvua. Mfasiri aliyezoea kuandika "chanzo kipo..." atakwama, maana hiki hakipo mahali, kipo kila mahali moto unapochomwa na udongo unapoachwa wazi.

Wataalamu wa maji hugawa vyanzo vya uchafuzi katika makundi mawili: vile vinavyomwaga mahali pamoja panapojulikana, kama bomba la kiwanda au mfereji wa machinjio, na vile vilivyotawanyika, kama mashamba, njia za ng'ombe na barabara za vumbi. Mgawanyo huu ndio moyo wa kazi ya ufuatiaji, nao umetafsiriwa vibaya kuliko yote. Tumekutana na "chanzo nukta". Nukta kwa msomaji wa Kiswahili ni alama ya mwisho wa sentensi, au kipande cha dakika. "Chanzo nukta" chafanana na somo la uandishi. Tumekutana pia na "chanzo kisicho nukta", ambacho hakihitaji maelezo. Mwenzetu mmoja wa pwani alipendekeza "mlizamu" kwa aina ya kwanza na "michirizi" kwa aina ya pili. Mapendekezo haya yalitufurahisha, kwa kuwa mlizamu humwaga maji mahali pamoja kwa nguvu, na michirizi ni mingi, midogo, na hakuna anayejua ulipoanzia kila mmoja. Tuliyajaribu kwa walimu wa Kayanga. "Michirizi" waliielewa mara moja. "Mlizamu" hakuna aliyeujua. Wao husema bomba au mfereji. Neno zuri lisilojulikana na mtumiaji ni mapambo. Kwa sasa twaona heri maneno ya kawaida: "chanzo cha mahali pamoja" na "vyanzo vilivyotawanyika". Ni marefu, lakini hayamdanganyi mtu.

Kwa nini mgawanyo huo una uzito? Kwa sababu mvua huutumia kama shahidi. Bomba likimwaga taka kiasi kile kile kila siku, mto ukijaa kwa masika taka hizo zitazimuliwa, na kipimo kitashuka. Vilima vikiwa ndivyo vinavyoleta, mvua ikinyesha kipimo kitapanda. Kwa hiyo mkaguzi anayepima mara moja tu, tena wakati wa kiangazi barabara inapopitika, atavikosa vyanzo vilivyotawanyika, na ataandika kwa moyo mweupe kwamba kosa lote ni la mwenye bomba. Anayepima wakati wa mafuriko peke yake atamsamehe mwenye bomba.

Na hapa twakutana na ugonjwa mwingine, neno "kiwango". Katika mwongozo mmoja tumelikuta katika sentensi moja mara tatu, kila mara kwa maana nyingine: wingi wa taka katika lita moja ya maji, jumla ya taka zinazopitishwa na mto kwa siku, na kikomo kilichowekwa na sheria. Msomaji anaambiwa kuwa kiwango kilipungua huku kiwango kikiongezeka na kuvuka kiwango. Jambo lenyewe ni la kweli kabisa! Mto ukifurika, taka katika kila lita zaweza kupungua hali jumla yake imeongezeka. Lakini latakiwa kusemwa kwa maneno matatu. La kwanza liwe "ukolezi", kwa kuwa chumvi hukolea mchuzini na taka hukolea majini vilevile. La pili liwe "mzigo", nalo hupatikana kwa kuzidisha ukolezi kwa wingi wa maji yapitayo. "Kiwango" kiachiwe sheria.

Kitenzi cha kazi yenyewe nacho kina mashaka. "Ufuatiliaji" umekwisha kushikwa na ofisi za mipango, ambako daima huenda pamoja na tathmini, na maana yake ni kukitembelea mara kwa mara kitu kinachojulikana. Kutafuta kisichojulikana kwa kufuata dalili zake ni kazi tofauti, yenye gharama tofauti. Mpango wa wilaya ukiandika "ufuatiliaji wa vyanzo vya uchafuzi", mhasibu atatenga mafuta ya pikipiki kwa ziara za robo mwaka katika maeneo yale yale, wala hatatenga chupa za sampuli wala malipo ya maabara. Wafugaji wana maneno yao: ng'ombe akiibwa hawamfuatilii, wanafuata nyayo. Mkaguzi naye hupanda na mto, akichukua sampuli juu na chini ya kila kijito kinachoingia, mpaka afike mahali ambapo maji kabla ya hapo ni safi na baada ya hapo si safi. Hizo ni nyayo. Twapendekeza "ufuataji nyayo" kwa kazi hiyo, na "ubainishaji" kwa matokeo yake. Wasomi wachache wataona ni lugha ya zizini. Hatuoni aibu.

Tumesema "juu na chini", nasi tumeingia mtegoni kwa makusudi, ili msomaji auone. Fomu yaagiza: "Sampuli ichukuliwe juu ya mto." Kwa Kiswahili cha kawaida, kilicho juu ya mto ni kilicho usoni pa maji, kama jani linaloelea, basi yule mtendaji aliteka maji ya juu, asizamishe chupa. Mwalimu wa jiografia, kwa upande wake, hufundisha kwa ramani ya ukutani, na juu ya ramani ni kaskazini. Katika Karagwe na Kyerwa, Kagera unatiririka kuelekea kaskazini; kwa hiyo anayekwenda "juu" kwa ramani anakwenda uendako mto, na sampuli iliyokusudiwa kuonyesha maji kabla ya uchafuzi itaonyesha maji baada yake. Mwenye kosa atatoka safi, na jirani yake wa kusini atashukiwa. Wapandapo matete ya kingo za Murongo, mahali bonde linapopindia mashariki, hata kusini na kaskazini hazisaidii tena. Dawa ni kutumia virejeshi tulivyonavyo: "upande mto utokako" na "upande mto uendako". Na kwa kuwa ng'ambo ya pili ni Rwanda, ambayo mwaka 2017 ilikifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi, na zaidi ya hapo ni Uganda, maneno haya yatasomwa na watu wa kingo zote. Shirika la Bonde la Mto Kagera, lililoanzishwa mwaka 1977 na kuvunjwa 2004, lilifanya kazi zake kwa Kifaransa na Kiingereza. Atakayerithi kazi kama ile hana udhuru huo.

Kuhusu mifano tutasema machache. Fomu yataja kama chanzo cha kwanza "mitambo ya kumenya na kuosha kahawa". Maji ya kuosha kahawa ni mabaya kweli, kwa kuwa utelezi wake wenye sukari huila oksijeni ya mto. Lakini kahawa ya Karagwe kwa kawaida hukaushwa pamoja na ganda lake, haioshwi. Mfano umehamishwa kutoka mahali pengine pamoja na sentensi zake. Uchimbaji wa bati, unaojulikana Kyerwa tangu zama za wakoloni na ambao mchanga wake huoshwa kwa maji, haukutajwa. Huenda mfasiri aliogopa neno "bati", akidhani msomaji ataona paa la nyumba. Aandike "madini ya bati", kama wachimbaji wenyewe wasemavyo. Tena asisahau kwamba miamba ya nchi hiyo, ambayo wanajiolojia wameiita kwa jina la Karagwe na Ankole, ina madini kabla ya mchimbaji yeyote kufika. Pasipo kupima "hali ya asili" ya kijito, hakuna awezaye kusema ni kiasi gani kimeongezwa na sululu. Na katika kusoma kumbukumbu za zamani, ikumbukwe kuwa Kyerwa ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Karagwe hadi mwaka 2012. Sampuli iliyoandikwa "Karagwe" kabla ya hapo yaweza kuwa ya mahali ambapo leo si Karagwe.

Kuna mahali tungependa istilahi zote zinyamaze. Mwaka 1994 Kagera ulishusha hadi ziwani miili ya maelfu ya watu waliouawa Rwanda. Mfasiri atakayekutana na taarifa za maji za mwaka huo, nazo zimeandikwa kwa lugha ya vipimo na vyanzo, asitafute neno katika orodha yetu. Waitwe watu, na waitwe marehemu.

Turudi kwenye fomu. Tulikaa na yule mtendaji tukaiandika upya kwa upande wa nyuma wa karatasi yake, nayo ikawa hivi: "Maji yanayochotwa wapi? Yamechafuka kwa nini: tope, taka, harufu, rangi, au mafuta? Kuchafuka kunaanza kuonekana wapi, ukitoka upande mto utokako? Kunaongezeka mvua ikinyesha, au kunapungua? Kama kuna aliyeyachafua, ni nani, na umejuaje?" Neno "chanzo" halimo hata mara moja. Katika safu ya mwisho tulimwekea nafasi ya jina la mtunza chemchemi, peke yake, mbali na lile la mchafuzi. Alipomaliza kuisoma alituuliza kwa nini hatukuweka neno la Kinyambo la maji yaliyotibuka, kwa kuwa mama zake hulitofautisha na maji ya matope. Tumemwomba atuandikie maneno yote mawili pamoja na sentensi zake. Yakitufikia kabla ya toleo lijalo, pendekezo letu la "mtibuko" tutalitazama upya.